Fundi Aliyeigawa Diski ya Ratri

Fundi wa kompyuta wa kichochoro chetu hapa Yogyakarta hufuta vidole kwenye shati kabla ya kugusa kibodi, na kila anapozima mashine huiambia, "Samahani." Ratri, jirani yetu, alitaka amgawanyie diski ya kompyuta yake sehemu mbili ili aweke na mfumo wa Linux, bila kupoteza sauti za marehemu baba yake akisimulia hadithi za vikaragosi.

"Si unazo amri zako za kuandika, kaka? Maliza haraka," Ratri akamwambia.

"Ninazo, ila wewe hutaona ninachokata."

Akanakili sauti zote pembeni, kisha akafungua programu inayochora diski kwa visanduku vya rangi, akamgeuzia kioo. "Baba yumo kwenye hiki cha kijani. Nitamega huku kwenye nafasi tupu. Nikate?"

"Kata," Ratri akasema.

Jioni sauti ya mzee ikatoka nzima. Fundi akazima feni iliyokuwa ikivuma chumbani, akasikiliza hadithi mpaka mwisho.