Mlango wa Vitamine A

Kila giza lilipoanza kuingia, Bénite, binti wa Kavuo, alitembea kwa kupapasa ukuta. Walikuwa wamekimbia vita kutoka Kalunguta, na huku Butembo waliishi kwa bugali ya muhogo na chumvi tu. Kavuo alidhani mtoto amelogwa.

Siku kanisa lilipogawa mafuta ya msaada, infirmière Orpa, muuguzi wa pale, alimsomea Kavuo maandishi ya mkebe.

"Mama Bénite, hapa wameandika vitamine A. Ni ya macho. Iko pia mu mawese, mu karoti. Mutoto akikula bila kuacha, macho yake itakuwa muzuri mupaka uzee."

Kavuo alishika mdomo. "Mungu wangu! Donc, kumbe chakula inatuambia kazi yake mbele ya sisi kuikula?" Alikuwa amepika tangu utotoni, na hakuna chungu kilichowahi kumsemesha hivyo.

Mafuta yalipokwisha, aliupasua mkebe, akaunyoosha, akaupigilia mlangoni kuziba nyufa, kama wakimbizi wote. Ila wenzake waligeuzia maandishi nje, majirani wayaone. Yeye aliyageuzia ndani, ili wema wa vitamine usitoroke nyumba. Walimcheka. Akawatukana vizuri, akaenda zake sokoni kununua mawese.

Jioni moja, wiki kadhaa baadaye, jua limeshazama, Kavuo alikuwa akipuliza makaa yaliyokataa kuwaka. Bénite alikuwa ameketi katikati ya chumba, mbali na ukuta.

"Mama," akasema, "ile herufi ya mwisho kwa mulango ndiyo A, eh?"

Kavuo akageuka. Katika giza lile, yeye mwenyewe hata mlango hakuuona.