Mhola Duhu

Fulana hii ilikuwa ya tatu. Ya kwanza Paskazia aliifanya tambara la kupigia deki, ya pili mwanawe Ignas anaivaa shambani, na hii mpya, yenye maandishi ya kijani kuhusu afya ya akili ya wazee, ilimbana makwapani. Yeye aliomba mtu. Aliomba mtu wa kukaa na wazee wake wakazungumza, na wa kumfundisha yeye aseme nini mzee anapogoma kula, maana tangu mwenzake Raudha aache kazi na kwenda Geita kuwauzia chakula wachimbaji, bweni zima la wanawake lilikuwa lake peke yake. Kila akiomba mtu, ofisi inaleta fulana. Mara moja walileta na mabango, nayo wakayabandika juu mno kwa wazee wasiosoma.

Leo basi, mtu mwenyewe alikuwa amefika kwenye makao ya wazee, nje kidogo ya Kagongwa, alikofanya kazi Paskazia. Jina lake Sufiani, afisa ustawi wa jamii, kijana mpole mzaliwa wa Tabora, na Paskazia alimpeleka moja kwa moja kwa Bibi Mbuke.

Bibi Mbuke aliletwa hapa na viongozi wa kijiji chake, huko upande wa Ushirombo, baada ya wanawe wakubwa kuamua kwamba macho yake mekundu ndiyo yaliyomuua mjukuu. Macho ya mwanamke aliyepulizia kuni mbichi tangu usichana wake yangekuwa na rangi gani nyingine? Kitinda mimba wake tu, mchimbaji huko Geita, ndiye hakumtupa. Kila Jumapili alimpigia mama yake kwenye simu ya Paskazia. Halafu simu zikakoma, na namba yake haipatikani mpaka leo. Tangu hapo bibi anapokea uji, anashukuru vizuri kabisa, na ukimpa kisogo anawamwagia kuku. Kuku wamenona hadi wanatembea kwa shida, na bibi mwenyewe amebaki mifupa. Mwezi uliopita Bibi Suzana alianza hivyo hivyo, na Paskazia ndiye aliyemfumba macho. Hakutaka kumfumba mwingine.

Sufiani alivuta kigoda akaketi mbele ya bibi, aliyekuwa kitandani pake. Salamu ya Kisukuma alikuwa amejifunza, na aliitoa kwa adabu zote, akimwita mama kwa lugha yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu Bibi Mbuke. Salama tu.

Akamuuliza kuhusu usingizi. Mhola. Chakula? Mhola. Na moyo, bibi, moyo unasemaje? Mhola duhu, mwanangu. Sufiani alikuwa anaandika, na kila alichoandika kilimpanda Paskazia kichwani. Alitamani amnyang'anye ile kalamu.

"Daktari, huyu hali," alisema. Kila mgeni mwenye kalamu yeye alimwita daktari.

"Mwenyewe anasema yuko salama, Mama Ignas. Nimwandikie ugonjwa asioutaja?"

"Hiyo ni salamu. Kwetu hata mwenye maiti ndani ukimsalimu atakujibu mhola."

"Sawa, nakubali. Basi muulize wewe, amekuzoea."

"Nimemuuliza mpaka mate yamenikauka. Mkimuuliza nyinyi mhola, nikimuuliza mimi mhola. Nifanyeje? Nimpasue nitazame ndani?" Sauti ilikuwa imepanda kuliko alivyokusudia. Vikongwe wawili kule mlangoni waligeuza shingo, naye akajifanya anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Sufiani alifunga kalamu yake. Hakukasirika, na hilo nalo lilimuudhi Paskazia, maana alikuwa tayari kwa ugomvi.

"Na wewe mwenyewe, mama? Uko salama?"

"Mhola duhu," alijibu Paskazia, huku akiendelea na shuka.

"Anadanganya huyo."

Alikuwa Bibi Mbuke. Tangu simu zikome, zaidi ya salamu hakuna aliyemsikia akisema jambo asiloulizwa. Alikuwa ameinua uso, na yale macho mekundu yamemkazia Paskazia.

"Tangu Suzana afe analia jikoni," bibi alimwambia Sufiani. "Akitoka, eti moshi. Macho ya moshi nayajua mimi, ndiyo yaliyonitoa kwangu. Ya huyu si ya moshi."

"Mayu, acha," alisema Paskazia. Aibu ilimjaa, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kilichotaka kububujika mbele ya watu. Tangu siku ile ya Suzana hakuna aliyekuwa amemuuliza neno zaidi ya salamu.

Nje dereva alipiga honi. Sufiani hakuinuka. "Umewahi kumuuliza, bibi, analilia nini?"

"Namuuliza mhola kila akiniletea uji. Ananijibu mhola. Sasa nami nitamezaje chakula cha mtu anayenificha?"

Paskazia aliliweka lile shuka chini. Aliketi pembeni ya kitanda cha bibi, mahali ambapo mwaka mzima hakuwahi kupata nafasi ya kuketi.

"Si mhola, mayu," alisema.

Bibi Mbuke alimsogelea kidogo. "Hata kwangu si mhola," alisema.