Kengele za Upepo za Mama

Mtaani walimwita Mzee Kaza, na wala hakuonewa. Miaka arobaini kwenye cherehani, kila mshono aliurudia mara mbili, hadi wateja wakawa wanamtania kwamba nguo zake kitambaa huisha, uzi ukabaki. Sasa macho yamechoka, cherehani imefunikwa shuka, mke yuko kaburini tangu mwaka jana, na nyumba ni kimya mpaka saa ya ukutani inakera.

Binti yake wa pekee anaishi mbali. Hupiga simu kila Jumapili alasiri, dakika tatu hazizidi: umekula, umemeza dawa, haya Baba, nakimbia. Mzee hubaki na simu sikioni, akisikiliza hewa. Lakini Jumapili iliyopita binti alitaja jambo.

"Zile kengele za upepo za Mama bado zipo barazani? Wiki ijayo nisikilizishe."

"Zipo, mwanangu. Zinalia vizuri tu."

Uongo mtupu. Kamba zilioza zikakatika tangu mvua za mwanzo, na vibomba vyake vitano vyembamba vya chuma, ndivyo vinavyolia, vilikuwa ndani ya beseni, chini ya kitanda.

Basi Jumapili asubuhi akavitoa, akavisugua kutu, akapaka uzi nta. Akafanya alivyofanya maisha yake yote: akapitisha uzi tunduni, akauzungusha kwenye bomba mara sita, akakaza, akaongeza fundo juu ya fundo. Akavitundika, akavisukuma kwa kidole. Ko, ko. Kama vijiko vilivyofungwa kwenye taulo. Akakaa chini na uchungu wake, maana mtoto kamwomba kitu kimoja tu, nacho kimemshinda.

Adhuhuri akalifungua bomba moja. Akalibana kiganjani, akaligonga kwa mkasi: bubu. Akalishika kwa uzi tu, likaning'inia, akagonga tena, likaimba. Kumbe! Akanung'unika, kisha akafumua kazi yake yote mwenyewe, aibu ambayo hakuwahi kuipata mbele ya mteja. Safari hii kila bomba likapewa uzi mmoja uliolegea, fundo moja, likatundikwa tena. Vidole vilimwasha kutaka kuongeza la pili, akavitia mfukoni.

Simu ikaita. Akaipokea, akatoka nje hadi barazani, akainyanyua karibu na kengele. Hata jani halikutikisika. Mzee akaona isiwe taabu, akavitikisa vibomba kwa mkono.

Akairudisha simu sikioni.

"Baba, huo ni mkono wako."

"Upepo hakuna, mwanangu. Nisamehe."

Akangoja aagwe. Badala yake akasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu huko mbali. Binti alikuwa anakaa.

"Basi tuungoje," akasema.

Wakaungoja. Kila mmoja akasikia pumzi za mwenzake. Robo saa ikapita, mkono wa mzee ukafa ganzi, naye akawa anaomba kimoyomoyo upepo usije.