Mpamba wa Nyuma ya Jiko

Kwa miaka saba nilitunza nyumba ya shangazi yangu, pembezoni mwa mji wa Bariadi, baada ya yeye kuhamia Mwanza kwa binti yake ili atibiwe macho. Mimi nilikuwa mwalimu nisiye na nyumba. Yeye alikuwa na nyumba isiyo na mtu. Tulifaana. Aliniachia funguo, kuku wachache na maagizo ambayo mengi niliyasahau kabla basi lake halijafika Lamadi. Moja tu sikulisahau: mpamba uliosimama nyuma ya jiko usiguswe.

Msomaji wa mahali pengine huenda asione ajabu. Kwetu pamba ni zao la msimu mmoja. Ukishavuna unang'oa kila mti pamoja na mzizi wake na kuchoma masalia yote, ili funza wa vitumba wakose pa kujificha. Ni sheria, na ni sheria yenye akili. Ila mpamba ukiachwa huendelea kukua hata ukawa mti kweli. Huo ulikuwa umelipita paa la jiko, na wakati wa kiangazi, kila kitu kilipokuwa na rangi ya vumbi, wenyewe ulichanua maua ya manjano yaliyogeuka waridi kabla ya kuanguka. Ulikuwa mti wa mwisho katika mstari wa mwisho wa shamba la zamani. Mume wa shangazi alikuwa aking'oa masalia, akachoka, akasema huo mmoja ataumalizia kesho. Kesho yake hakuamka vizuri, na baada ya wiki mbili tulimzika. Shangazi hakuweza kuimaliza kazi ile, wala hakumruhusu mtu mwingine aimalize.

Niliumwagilia maji ya kusuuzia vyombo. Jumamosi nilitoa kiti, nikasoma karibu nao hadi jua lilipohama, na nakiri kwamba ni saa chache za maisha yangu nilizopata kuridhika zaidi ya hizo.

Hapa sina budi kujishtaki. Kanisani nilikuwa msomaji wa matangazo, na kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, niliwakumbusha waumini kung'oa masalia. Sikuishia kusoma. Niliongeza maneno yangu mwenyewe juu ya mtu ambaye uvivu wake huwatia hasara majirani. Kisha nilirudi nyumbani, nikachukua ndoo, nikaumwagilia mpamba. Sikuona mgongano wowote. Mtu anayependa kuwaonya wenzake huwa na chumba kimoja ndani yake ambacho haingii na taa.

Hatimaye nilijenga kwangu, upande wa pili wa mji, na nyumba ile ikakabidhiwa kwa mwana wa mwisho wa shangazi na mkewe. Mke huyo, mchapakazi kweli, alilima pamba kuanzia karibu kabisa na jiko. Msimu wa kwanza funza walimlia vitumba nusu ya shamba. Wa pili vilevile. Bwana shamba alipoitwa hakuhitaji kutembea: alipasua kitumba kimoja cha mti ule mkubwa, akamwonyesha waliomo.

Mke huyo alikuja kwangu akaketi ukingoni mwa kiti, akaongea kwanza habari za mvua. Hofu yake haikuwa funza. Mama mkwe alikuwa anakuja wiki hiyo kwa ubatizo wa mjukuu. Kama mti ungebaki, msimu wa tatu ungepotea. Kama ungeondoka, yeye na mkwe wake wasingepatana tena.

"Shemeji," alisema, "nikiung'oa mimi, nitakuwa mke aliyefuta kumbukumbu ya marehemu. Wewe ni mtoto wa kaka yake. Wewe atakusamehe."

Nilikwenda kesho yake. Niliukata kwa panga usawa wa ardhi, nikachoma matawi, nikafukia kisiki kwa udongo, nikamwambia kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba sikuwa na moyo wa kuchimba.

Shangazi alifika mchana. Mkamwana alipiga goti, akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," naye akaitikia vizuri, lakini hakungoja chai. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma ya jiko. Tukamfuata, mkamwana akiwa bado na birika mkononi. Nilisema ni mimi niliyeukata, nikaeleza kuhusu funza, sheria na misimu miwili ya hasara, kwa kirefu, kama mtu anayejitetea mahakamani. Aliniacha nimalize. Kisha akachokonoa udongo kwa ncha ya kandambili, akaniita mwanangu kwa Kisukuma.

"Hujaung'oa, ng'wanawane. Umeukata. Mvua ikinyesha, utachipua."

Nilisema nilihofia kumuumiza.

"Mume wangu aliuacha kwa sababu alikuwa mgonjwa," alisema. "Wewe ulikuwa na ugonjwa gani?"

Mkamwana alicheka kabla hajaweza kujizuia, akaziba mdomo. Shangazi akamtazama, akacheka pia, akamwagiza alete jembe ampe mwalimu.

Mzizi wa mpamba hushuka wima, na ule ulikuwa na miaka mingi ya kushuka. Nilichimba hadi mikono ikatoka malengelenge, huku wanawake wawili wakinielekeza na kunikosoa kutoka kivulini. Ulipotoka, shangazi aliupokea, akaukung'uta udongo taratibu. Halafu akauweka juani ukauke uchomwe.

Akamuuliza mkamwana kama mistari ya msimu ujao haiwezi kufika hadi pale. Wakapima kwa hatua, wakibishana kidogo kuhusu nafasi, wakakubaliana mitatu zaidi. Mimi nilirudishwa kufukia shimo, na safari hii walisimama kunikagua.