Shukrani Tuliyokula ku Gare

Sisi tuliokulia Likasi wakati nchi bado inaitwa Zaire tulizoea kumshukuru Mungu kwa mavuno mwishoni mwa Novemba, mwezi ambao kwetu hakuna anayevuna kitu. Mvua zimeanza, mama zetu wako mashambani wanapanda, unga wa mwaka uliopita unaelekea kwisha, na sisi kanisani tunaimba kwamba ghala zimejaa. Sikukuu hiyo ilikuja na mama mmoja wa misheni, Mmarekani, kabla hatujazaliwa. Kwao Novemba walikuwa wamekwisha kuvuna. Alirudi kwao akatuachia sikukuu yake, na hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kuisogeza.

Alituachia pia namna ya kupika. Aliwafundisha wamama wa kanisa kwamba siku ya Shukrani ukoo mzima unakaa meza moja, na katikati ya meza panawekwa dindon, ndege mkubwa kushinda kuku, amejazwa mkate tumboni. Kambo, yaani bibi yangu mzaa baba, alihudhuria mafundisho hayo tangu mwanzo mpaka mwisho. Alipoulizwa kama ana swali, alisema, "Mukate ni ya batoto. Haiko ya kuku." Kwetu basi tulipika jogoo, na tumboni hatukumtia kitu.

Kambo alikuwa Mbemba wa upande wa Kasenga, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeongea na upande wa pili wa mto. Tuliishi naye katika nyumba ya kampuni, maana baba alifanya kazi kiwandani. Siku ya Shukrani jiko lilikuwa lake. Mama yangu, ambaye siku nyingine zote alikuwa mpishi wa kuheshimiwa, siku hiyo alishushwa cheo akawa wa kuchambua uyoga.

Sombe ya Kambo ilikuwa na sheria, nami nitazisema kwa faida ya wale wanaonunua sombe iliyokwisha kutwangwa, ndani ya mfuko wa plastiki, halafu wanatia kyubu mbili za mchuzi na kupiga picha. Majani ya muhogo yachumwe asubuhi, yale machanga ya juu tu. Yapitishwe juu ya moto yanyauke kidogo, ndipo yatwangwe mpaka mkono ukatae. Yachemke bila mfuniko, ili uchungu upate pa kutokea. Usiyakoroge kila saa kama mtu aliyepoteza pete. Yakiiva, tia vitunguu, pilipili kijani na bilinganya iliyopondwa, kisha karanga zilizotwangwa laini, kisha samaki wa chumvi aliyelala ndani ya maji usiku kucha. Mafuta ya mawese yaje mwisho, na yawe kidogo. Kambo aliposema "kidogo" alitazama ukuta wa upande wa kushoto.

Nyuma ya ukuta huo aliishi Mama Ntumba. Mumewe alikuwa kikosi kimoja na baba kiwandani, na binti yao Ntumba alikuwa rafiki yangu. Wazazi wa Mama Ntumba walitoka Kasai kuja kufanya kazi migodini, wakamzaa hapahapa Likasi, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Kila Shukrani tulitoa meza yetu na ya kwao, tukaziunganisha uani, tukala pamoja. Na kila Shukrani Kambo na Mama Ntumba waligombana. Mama Ntumba alitia mafuta ya mawese mpaka sombe inang'aa. Bukari yake, ambayo wengine huiita ugali, aliichanganya unga wa mahindi na unga wa muhogo, kama kwao. Ya Kambo ilikuwa ya mahindi matupu, nyeupe, ngumu kiasi cha kujengea.

"Bukari yako inateleza," Kambo alikuwa akisema. "Muntu anameza mbele ya kutafuna."

"Na yako, Kambo, muntu anatafuna mpaka kesho," Mama Ntumba alijibu, akimwongezea.

Kambo hakuwahi kuila. Aliiweka pembeni ya sahani kwa adabu, kama mgeni asiyetakiwa lakini hafukuzwi. Sisi watoto tulikula zote mbili na kwenda kuruka kamba.

Halafu mambo yakaharibika. Kwanza mshahara ulichelewa, kisha ukaacha kuchelewa kwa sababu haukuja tena. Mposho, ule mgao wa unga na samaki ambao kampuni iliwapa wafanyakazi, ukapungua mpaka ukawa habari ya zamani. Mama alikuwa na jiko la umeme aliloliringia. Umeme ulitoka bwawa la Koni, pale karibu kabisa, lakini njiani ulianza kupotea, na jiko likawa meza ya kuwekea mbabula ya makaa. Watu wazima waliongea kwa sauti ya chini. Ndipo maneno mengine yakaingia mjini, kwamba shida yote hii imeletwa na watu wa Kasai, na warudi kwao.

Asubuhi moja vijana walikuja na fimbo na chupa, wakavunja mlango wa Mama Ntumba. Hawakumpiga mtu, na baadaye watu wa mtaa wetu walilitaja jambo hilo kama sifa. Baba Ntumba alitoka na godoro kichwani. Mama Ntumba alimbeba mtoto wao mdogo mgongoni, na mkononi sufuria. Ntumba alikuwa amevaa sare ya shule, maana alikuwa anakwenda shule. Alinitazama, mimi nikiwa dirishani, akamfuata mama yake. Jioni ileile nyumba ilikuwa na watu wengine, na watu hao walikuja kwetu kulalamika kwamba mlango umevunjika.

Waliofukuzwa walikwenda ku gare, stesheni ya treni, kungoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Treni haikuja. Wiki zikapita, watu wakaongezeka, mvua zikaanza.

Shukrani ilipofika, mama alisema mwaka huu tuiache. Baba alikuwa anatengeneza kiatu ambacho hakikuharibika. Kambo alikuwa ameketi mlangoni, anatwanga sombe. Tulikuwa tumeisikia tangu alfajiri, ila hatukutaka kuuliza.

"Hii yote ni ya nani, Mama?" mama yangu akamuuliza. Kinu kilikuwa kimejaa.

"Ya Shukrani."

"Siye ni bantu bane tu."

"Najua kuhesabu," Kambo akasema. "Nitapeleka ku gare. Niko na maneno na ule mwanamuke, hatukumaliza."

Baba aliweka kiatu chini. Alisema kule njiani vijana wanasimamisha watu, kwamba wiki iliyopita mtu wa mtaa wa pili aliwapelekea waliofukuzwa unga na usiku wakamchomea mlango. Alisema ana mke na mtoto. Alisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Kambo alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza mama wa misheni.

"Mwanangu, miye sikukuite," akasema. "Nimeita Mado, anibebee mfuniko."

Mado ni mimi. Mama akaingia ndani kupika jogoo. Sombe ilipoiva alitoka amevaa kitenge cha kanisani, na jogoo ameiva ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Tukaondoka watatu. Kambo mbele na sufuria ya sombe kichwani, mama na jogoo, mimi na sufuria ndogo ya uyoga na ule mfuniko, ambao kwa kweli ulikuwa na kazi yake. Sikuogopa mpaka nilipoona mama anatembea bila kusalimia watu.

Kwenye njia panda vijana walikuwa wanne au watano, wamekaa juu ya matairi. Mkubwa wao alinuka lutuku, ile pombe ya kienyeji, na ilikuwa saa ya kutoka kanisani.

"Kambo, munabeba nini?"

"Sombe."

"Munapeleka wapi?"

"Ku gare. Kuko mwanamuke mumoja kule anaharibu sombe na mafuta, miaka yote hii. Leo naenda kumuonyesha, mbele ya treni kumubeba."

Mmoja akacheka. Mkubwa hakucheka.

"Ni Mukasai?"

"Njo yeye," Kambo akasema. "Na weye, mama yako ni nani? Unikumbushe. Nataka kumuuliza kama anajua fasi uko leo, siku ya Shukrani."

Kijana alitazama chini. Likasi ya wakati ule kila mama alifahamika, na kila mtoto alilijua hilo. Hata hivyo mkono wake ulikuwa bado umezuia njia, na hakujua namna ya kuuondoa bila aibu. Hapo nikasikia viatu nyuma yetu. Alikuwa baba, kwa koti lake la Jumapili, mfuko wa unga begani, anahema. Kumbe alikuwa anatufuata kwa mbali tangu nyumbani. Alikuja akasimama kando ya mama yake.

Kijana alifungua kitambaa cha jogoo, akang'oa paja moja, akaanza kula. "Mupite," akasema. Tukapita. Kambo hakugeuka, ila alisema kwa sauti ya upande wa pili wa mto kwamba katika paja lile chumvi haikukolea, angesubiri kifua.

Ku gare kulikuwa na watu kama soko, lakini soko lisilo na kelele. Walikuwa wametundika mashuka na magunia juu ya vijiti, matope mpaka kifundoni, na kila mahali moshi wa kuni mbichi. Tuliwatafuta mpaka Ntumba alipotuona yeye kwanza. Bado alikuwa na sketi ya sare. Mama Ntumba alisimama kutoka kwenye mafiga, amekonda mpaka mabega, mtoto mdogo mgongoni anakohoa. Alitutazama mmoja mmoja, akaiona sufuria.

"Kambo," akasema, "umeniletea sombe yenye haina mafuta."

"Onja kwanza, njo utukane."

Akaonja. Akafumba macho, na machozi yakapita chini ya kope, lakini hakuacha kutafuna. "Iko na chumvi kidogo," akasema. Kambo akamwambia samaki wa siku hizi ni wadogo, hata chumvi hawabebi.

Baba alishusha unga. Mama Ntumba aliupima kwa mkono, akatoa kifuko cha unga wa muhogo alichokificha ndani ya godoro, akachanganya. Kambo alimwona anachanganya. Alikaa juu ya jiwe, akakunja mikono, akanyamaza, na sisi tuliomfahamu tulijua ni kazi kubwa kiasi gani. Nikaisikia tena ile harufu ya bukari inayopigwa mwiko, nikashika mkono wa Ntumba.

Baba Ntumba aliombwa aombee chakula. Kanisani kwetu sala ya chakula ilikuwa ndefu kiasi cha kukipoza. Yeye alisimama, kofia mkononi, akasema, "Mungu, unatuona." Tukangoja. Akasema amina.

Tulikula kwa mikono, tumezunguka sufuria, na watu wa shuka la jirani wakaitwa, na wa shuka la pili. Jogoo mwenye paja moja alitosha namna ambayo mpaka leo siielewi. Kambo alipewa bukari ya Mama Ntumba. Alikata tonge, akachovya, akala. Akakata lingine. Yeye na Mama Ntumba wote wawili walikuwa wanatazama mahali pengine.

"Inashuka," Kambo akasema.

Mama Ntumba alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kumsikia akicheka.

Treni ilikuja kabla ya Krismasi. Sisi hatukuwaaga, tulipata habari imekwisha kwenda, watu wamepanda mpaka juu ya mabehewa. Baada ya muda mrefu mfanyabiashara mmoja wa samaki alituletea salamu kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Walikuwa hai. Mama Ntumba anauza maandazi barabarani, Ntumba anasoma. Mtoto mdogo hakufika. Kambo alikuwa anapika aliposikia hayo. Aliondoa sufuria motoni, akakaa, na siku hiyo tulikula tukiwa tumechelewa sana na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa Kambo hayupo, na baba hayupo. Sisi tumetawanyika, Lubumbashi, Kolwezi, Lusaka. Shukrani bado tunaifanya, bado mwezi usio na mavuno, ila kila mmoja kwake, na tunatumiana picha za sahani kwa simu. Wanangu wananiuliza sombe inachemka dakika ngapi. Nawaambia mpaka iive. Wanaona nawaficha siri. Mmoja aliniletea dindon kutoka duka kubwa, imeganda kama jiwe, na maelekezo ya kuijaza mkate. Tuliipika. Ilikuwa nyama nyingi, na watu wa kuila tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa anapunguza mwili.

Mwaka jana niliwapeleka Likasi. Niliwaonyesha gare, nikawaonyesha mahali penyewe tulipokula, karibu na ukuta wa stesheni. Majani yameota mpaka kwenye reli, na mwanamke mmoja anauza vocha za simu chini ya mwavuli. Binti yangu alitazama huku na huku.

"Mama, kwa nini mulikuja kula huku? Hamukukuwa restaurant?"

Nikamwambia hamukukuwa. Akaniambia nisimame palepale, anipige picha, nitabasamu. Nilisimama, nikatabasamu. Picha ninayo. Ndani yake naonekana kama mtu anayengoja treni.