Fimbo Niliyompa Marehemu

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anataka kujiunga na chama chetu cha kuzikana. Juzi alikuja kwangu Goba, akala wali kama mtu aliyetumwa na kijiji kizima, akafuta mdomo, kisha akaniuliza kama kina faida. Alitaka jibu la ndiyo au hapana. Nikamwambia ngoja kwanza ninywe maji, nikayanywa mpaka akachoka kusubiri, akaaga.

Si kwamba nimekosa maneno. Mie kidato cha nne nimekimaliza shule ya jioni, nikiwa na ndevu na mtoto, na kwenye midahalo nilikuwaga nasema mpaka mwalimu anasahau kwao. Ila kila nikitaka kulijibu swali hili namwona mama mmoja wa Temeke, kajitanda kanga mpaka kwenye nyusi, ananitazama.

Chama chenyewe ni cha wanaume wa mtaa nilikozaliwa, hukohuko Temeke. Mwenzenu akifa mnachimba kaburi kwa mikono yenu, mnafunga turubai, mnabeba jeneza. Akiugua mnapeana zamu ya kwenda kukaa naye. Kumtuma mtu badala yako hakuna. Mie walinitaka kwa sababu nyingine zaidi: mtani wao wa zamani alikuwa amezeeka, na kwa upande wa baba mie ni mtani wa karibu nusu ya wanachama. Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Siku ya kuanua matanga anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anaingia mpaka kwa wanawake kudai chai. Watu wanacheka huku wanalia. Mjane anamwona mumewe mara ya mwisho, halafu anamwachia aende zake.

Kazi hiyo niliiweza. Kuna mzee mmoja nilimwigiza mpaka kuku wake wakanifuata hadi stendi. Hata kuchimba nilichimba kwa kasi, wenzangu wakawa wananiuliza kama natafuta maji.

Zamu za wagonjwa ndizo zilizonishinda. Kutoka Goba mpaka Temeke ni safari ya kuvuka nchi kadhaa, na zote zina foleni. Fundi baiskeli wetu, mwanachama mwenzetu na mtu mzima aliyenifundisha kuziba pancha nikiwa mdogo, alipougua miguu, mie nilikuwa namtumia sauti kwenye simu. Nilimchekesha sana. Siku moja akanirudishia sauti yake, akasema, "Mtani, njoo unione kabla sura haijaharibika." Nikamjibu kwamba sura hiyo iliharibika kabla mie sijazaliwa. Akacheka, nikamsikia anacheka, nikaona nimeshamtembelea.

Alipofariki nilikwenda mapema kuliko wote na nikachimba kuliko wote. Siku ya kuanua matanga wakanikabidhi kanzu yake na kofia yake. Hapo ndipo nilipojiuliza alikuwa anatembeaje siku zake za mwisho. Badala ya kuuliza, nikatunga. Mgonjwa wa miguu, nikasema moyoni, bila shaka ana fimbo. Nikaazima ya mzee mmoja, nikainama kama ndoano, nikamtia marehemu na kikohozi ambacho hakuwahi kuwa nacho. Uani watu wakaangua kicheko. Wenzangu wa chama walitazama chini, mie nikadhani wanajizuia kucheka.

Nikaingia kwa wanawake. Mjane alikuwa amesikia kelele, ameshainua uso, na ule uso ulikuwa umejiandaa kupokea kitu. Macho yakashuka mpaka kwenye fimbo.

"Huyu nani?"

Nikadhani ananijibu utani. Nikamwambia, "Mumeo huyu, umeshanisahau mara hii? Chai yangu iko wapi?"

"Mume wangu hakushika fimbo," akasema. "Walimletea, akaikataa. Alikuwa anashika ukuta."

Akageukia pembeni, akavuta kanga. Sauti hakuipandisha. Nilitoka mle ndani nimeibeba ile fimbo kwapani kama mwizi wa kuni.

Uani mmoja wa wenzangu alinivuta kando akaniambia wao wote waliijua habari ya ukuta, waliiona zamu baada ya zamu. Alisema marehemu alikuwa hataki mtaa umwone amefungwa mguu wa tatu. Nikamuuliza mbona hawakunizuia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Sie tulidhani unajua," akasema. "Si ulikuwa mtani wake?"

Nilitaka kwenda kumwomba radhi mjane kesho yake, lakini alikuwa yumo kwenye eda, na kwenye eda, kazi ya mtani ikishakwisha, huwezi kubisha hodi na ndevu zako. Nikamtuma mke wangu na salamu. Alirudi na neno moja tu, kwamba zimefika. Mie nikakaa na hotuba yangu miezi ile yote, nikiipamba, nikiipunguza, nikiipamba tena.

Alipotoka eda nikaenda mchana kweupe. Alikuwa uani na dada yake, wanachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia mikono yote miwili. "Leo umekuja bila fimbo," akasema. Dada yake akainamia ungo.

Nikaanza hotuba. Hakuisikiliza. Alinyanyuka, akaenda mwisho wa ukuta, akaweka kiganja, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Hatua fupi, kichwa juu, mkono mwingine mgongoni kama mkaguzi wa barabara. Kwenye dumu la maji akasimama, akaligonga kwa kidole.

"Hapa anajifanya anaangalia kama limejaa," akasema. "Alikuwa anapumzika. Mie najifanya sijui."

Akaniambia nifanye. Nikashika ukuta, nikatembea. "Taratibu, mtani. Ukuta hauondoki." Nikarudia. Nilipogonga dumu alicheka, kicheko kifupi, kisha akabaki analitazama lile dumu muda mrefu, mimi na dada yake tukiwa hatuna pa kuweka macho.

Ningependa kuandika kwamba hapo nikapona. Sikupona. Matanga yalishaanuliwa zamani, kanzu alishapewa mpwa wake, na katika maigizo yangu waliomwona fundi na fimbo ni mtaa mzima, waliomwona bila fimbo tulikuwa watatu na ungo.

Jana shemeji kanipigia simu, anataka jibu lake. Nikamwambia mwenzetu mmoja kule Temeke anaumwa na zamu ni yangu, aje twende wote. Akauliza kama kuna chakula. Hakuna. Akauliza sasa tunakwenda kufanya nini.

"Kumwangalia anavyotembea," nikasema.