App Inakuja na Godoro

Jumanne nilipanga foleni kwa duka la dawa za mifugo hapa Eldoret, nikitaka chakula cha kuku. Mbele yangu alikuwa mama mkulima kutoka Turbo. Ng'ombe wake alikuwa kwenye joto la kutaka fahali tangu alfajiri, na daktari asipofika na mbegu ya fahali siku hiyo, angengoja wiki tatu tena.

"Siku hizi daktari anaitwa kwa app yetu, Mama," muuzaji akasema, akaichukua simu ya mama. "Lakini hii imejaa. Picha ni za ng'ombe tu! Tufute kadhaa?"

Mama akainyakua simu, akaisukuma ndani ya sweta. "Nimempiga picha kila Jumapili tangu azaliwe. Nimfute ndio nimletee daktari?"

Bwana mmoja nyuma yangu akacheka. "Mama, si lazima uweke app. Hao hao wako na tovuti. Fungua kwa mtandao, ita daktari, funga."

Dakika mbili baadaye daktari alijibu yuko njiani. Foleni nzima ilipiga makofi.

Mimi nimeipenda hiyo tovuti. Inakuja kama mgeni mstaarabu, inakunywa chai, inaenda zake. App inakuja na godoro.

Mlangoni mama aligeuka, akampiga muuzaji picha.

"Ya nini, Mama?"

"Nafasi ya moja imebaki. Ndama akizaliwa, nitamwonyesha mtu aliyetaka kumfuta mamake."